Sola ya mkopo kwa nyumba ya mama: taa ni bora, bei ilitegemea Bunge

Februari 2021 nilinunua kwa mkopo seti ya sola kwa ajili ya nyumba ya mama yangu, kijijini nje kidogo ya mji wa Mwingi, Kenya: paneli ya wati 80, betri moja ya asidi, taa sita na redio, nikilipa kwa M-Pesa kila wiki. Taa nazisifu bila kusita. Tangu usiku ule koroboi haijawashwa tena, na wajukuu husoma hata herufi ndogo za kamusi bila kuinamia kitabu.

Septemba mwaka huohuo dada yangu alinunua seti ileile, katika duka lilelile, kwa bei nafuu kuliko yangu. Vifaa vya sola vilikuwa vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tangu 2014; Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa msamaha huo, na ile ya 2021 ikaurudisha kuanzia Julai, nami nilinunua katikati. Kodi ya asilimia 16 ni shilingi 1,600 juu ya kila 10,000, na kwa mama yeyote anayelipa deni kwa fedha za maziwa, hizo ni wiki kadhaa za kukama. Sioni haki katika sera inayomtoza zaidi mtu ambaye nguzo za stima hazijamfikia, kisha inageuka kabla hajamaliza kulipa.

Upande wa ufungaji ndipo duka liliponiangusha. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinamtaka fundi awe na leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, lakini kijana tuliyeletewa hakuwa nayo. Aliilaza paneli juu ya mabati karibu na mwembe, na kufikia saa nane mchana kivuli kilikuwa kimeshafunika nusu yake. Mwaka wa tatu taa zikaanza kufifia saa tatu usiku, na duka likajibu kwamba dhamana ya betri imekwisha. Fundi mwenye leseni niliyemtafuta mwenyewe alitueleza kwamba betri ya asidi isiyojaa siku baada ya siku hufa mapema. Akaihamishia paneli upande wa pili wa paa, akaiinua kwa vyuma na kutufungia betri mpya.

Seti yenyewe naipendekeza. Kabla ya kuweka sahihi, omba risiti inayoonyesha kodi peke yake, na fundi akifika, mwombe leseni kabla hajapanda ngazi.