Nihon Shoki: tarihi ya ikulu iliyoandikwa na upande ulioshinda

Nakala niliyoisoma ni tafsiri ya Kiingereza ya W. G. Aston ya mwaka 1896, ambayo, kwa kuwa haibanwi tena na hakimiliki, niliichapisha katika duka moja la steshenari hapa Tabora mjini. Gamu iliachia mapema na tanbihi zimetoka hafifu. Atakayefuata njia hii aombe ifungwe kwa waya.

Kitabu chenyewe kinastahili gharama hiyo. Nihon Shoki, yenye magombo 30 yaliyoandikwa kwa Kichina cha kale, ilikabidhiwa kwa Malkia Genshō mwaka 720, na ndiyo ya kwanza kati ya tarihi sita rasmi za Japani. Uandishi ulisimamiwa na Mwanamfalme Toneri, jambo ambalo msomaji hapaswi kulisahau, kwa sababu baba yake, Tenmu, alikipata kiti kwa vita vya mwaka 672 dhidi ya Ōtomo, mtoto wa kaka yake. Gombo zima la 28 linahusu vita hivyo, lakini aliyeshindwa hahesabiwi miongoni mwa watawala. Heshima hiyo aliipata mwaka 1870.

Pamoja na upendeleo huo, magombo mawili ya mwanzo, yahusuyo zama za miungu, yana uungwana nisioutarajia katika kitabu cha serikali: simulizi moja hutolewa, kisha hufuata maneno "andiko moja lasema", na jingine, na jingine, bila mwandishi kuamua lipi ni sahihi. Waliokua wakisikia habari za Mirambo kutoka kwa wazee mbalimbali hawatapata taabu hapa. Miaka ya kale, hata hivyo, haiaminiki, kwani Jimmu, anayetajwa kuwa mfalme wa kwanza, anatawazwa mwaka 660 KK na kufariki akiwa na umri wa miaka 127.

Utamu halisi umo katika mauaji ya Soga no Iruka, waziri mwenye nguvu kubwa ikuluni, mwaka 645, mbele ya Malkia Kōgyoku. Anayesoma waraka wa falme za Korea, akijua njama iliyopo, anatetemeka na kutokwa jasho. Iruka anamuuliza kulikoni, naye anajibu kwamba anaogopa kuwa karibu na malkia. Muda mfupi baadaye Mwanamfalme Naka no Ōe, kiongozi wa njama hiyo, anajitokeza na silaha.

Kiingereza cha Aston ni kizito. Mwalimu wa historia mwenye muda mchache aanzie gombo la 24 hadi la 28, kisha ndipo arudi kwenye miungu.