Injini ikishashuka: utengeneze kilichoharibika tu, au umalizie na mengine?

Wenye magari ya michezo ya zamani hawaliepuki swali hili. Ferrari F355 hushushwa injini nzima ili kubadilisha mikanda ya taimingi tu (inayofungua na kufunga vali kwa wakati wake), na ikishakuwa chini, kila kitu kinaonekana kinahitaji kuguswa.

Kwa gharama ya leo, kutengeneza kilichoharibika tu kunashinda. Ila pima kazi, usipime vipuri peke yake. Sili ya nyuma ya krenki, yaani kizuizi cha oili kwenye mhimili mkuu wa injini, ni kipete kinachoenea kiganjani na bei yake ni ndogo. Kwenye magari mengi, ikivuja baadaye, oili inaweza kufika kwenye klachi, klachi ikateleza, nawe ukalazimika kuifungua kazi upya.

Kwa kutegemeka, kumalizia kuko mbele: sili, klachi na beringi yake, raba zinazoshikilia injini, mipira inayopitisha petroli. Hii ya mwisho siiachi kamwe. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, itoe, maana petroli ikidondokea injini iliyochemka, gari linaweza kuungua.

Lakini kila unachofungua kinaweza kuleta tatizo jipya. Bolti iliyoshika kutu hukatika, na gari hulala gereji miezi. Kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) wakati kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ni nzuri, siungi mkono.

Kama klachi ni mpya na unaendesha mara chache, badilisha sili na mipira, kisha funga. Kama umelinunua gari juzi na hujui lilitengenezwa nini, malizia.