Killgrave wa katuni au Kilgrave wa runinga?

Wa vitabu vya Marvel alitokea 1964, Daredevil namba 4: jasusi aliyemwagikiwa kemikali, ngozi ikageuka zambarau, na tangu hapo akisema neno watu wanatii. Wa Netflix, katika tamthilia ya Jessica Jones ya 2015, ndiye adui wa Jessica, na kaigizwa na David Tennant. Uzambarau umebaki kwenye suti tu.

Mimi nampa kura wa runinga. Ukimwona mtu wa zambarau barabarani, si utakimbia mapema? Huyu mwingine kapendeza, anaongea vizuri, na ubaya wake uko hapo. Tazama sehemu ya 8, msimu wa kwanza: kanunua nyumba aliyokulia Jessica, kairudisha kama zamani mpaka chumba chake cha kulala, halafu anashangaa kwa nini steringi wetu hafurahi. Humo nyumbani hatumii nguvu zake juu ya Jessica kabisa, na bado mwili unasisimka.

Wa katuni anamzidi kwa jambo moja: hana visingizio. Runinga ilimpa wazazi waliomfanyia majaribio utotoni, nusura nimhurumie. Bahati nzuri sehemu hiyohiyo Jessica anamwambia usoni kwamba alichomfanyia zamani, alipomtawala akili, ni ubakaji.