Kung'arisha Meno kwa Mnywaji wa Kahawa: Tathmini ya Huduma Niliyoilipia Dar es Salaam

Nimekuwa nikinywa kahawa chungu tangu nilipomaliza shule, vikombe vinne au vitano kila jioni kijiweni, na asubuhi sianzi siku bila chai ya rangi iliyokolea majani. Kwa hiyo nilipokwenda kung'arisha meno katika kliniki moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nia yangu ni kuipima huduma na si kuishitaki, swali nililokuwa nalo lilikuwa moja: kazi hii itadumu kwa muda gani katika kinywa cha mtu asiyeachana na kikombe chake? Nililipa shilingi 450,000. Sasa ni miezi saba, na naweza kulijibu.

Kazi ya kitini ilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Daktari alikagua kinywa chote kwanza, akanieleza mapema kwamba jino langu la mbele lililozibwa miaka iliyopita halitabadilika pale palipozibwa, kwa sababu dawa hubadilisha jino la asili tu, haigusi rangi ya kizibio wala ya jino la bandia. Kisha akanisogeza karibu na dirisha, akatoa kipimo cha rangi chenye vijino 16 vya mfano, akawa anakileta kijino kimoja baada ya kingine kando ya jino langu, anakiondoa, anatazama tena, mpaka akatulia kwenye A3.5, alama ya rangi iliyokolea kiasi. Fizi zilikingwa kwa utomvu laini unaogandishwa kwa mwanga, ndipo jeli ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35 ikapakwa mara tatu, dakika 15 kila mara. Kulikuwa pia na taa ya buluu, ambayo matangazo ya kliniki huisifia sana, ingawa kazi hasa hufanywa na jeli.

Jeli hiyo haikwangui wala haisugui. Peroksaidi hupenya enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hadi kwenye dentini iliyo chini yake, na humo huzivunja molekuli za rangi ziwe vipande vidogo visivyo na rangi ya kuonekana. Lakini wakati huohuo jino hukauka kwa kukaa muda mrefu bila mate, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Hapo ndipo malalamiko yangu ya kwanza yanapoanzia. Nilipimwa rangi na kupigwa picha palepale kitini, nikaambiwa nimefika A1, ambayo ukivipanga vijino kuanzia cheupe zaidi hadi kilichokolea zaidi ni hatua kumi kutoka A3.5 kuelekea weupe. Wiki mbili baadaye meno yalikuwa yamerudisha maji yake, na kipimo kilekile kikasoma A2, yaani hatua saba. Hatua saba ni matokeo mazuri, na ningetoka nimeridhika kabisa kama ningeahidiwa hizo tangu mwanzo. Kumpa mteja kipimo cha jino lililokauka na kumwacha aamini kwamba hiyo ndiyo rangi yake mpya si uungwana.

Nilipoondoka nilipewa karatasi ya masharti ya saa 48: nisinywe chai, kahawa, mvinyo mwekundu, soda nyeusi, juisi ya rozela wala ya ukwaju, na nisile chakula chenye manjano. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli kwa sehemu. Jino lina utando mwembamba sana unaotokana na mate. Matibabu huuondoa, na huchukua saa kadhaa kujijenga upya, hivyo ni busara kutolimwagia rangi jino lililo wazi. Niliyafuata masharti yote, nikashinda kwa maji, maziwa, wali mweupe na samaki wa kuchemsha. Ganzi ya meno niliyoipata usiku wa kwanza, ambayo ilinifanya nishindwe hata kuvuta hewa kwa mdomo, ilitulia siku ya pili kwa dawa ya mswaki yenye potasiamu naitreti. Hata hivyo, tafiti kadhaa zilizowafuatilia watu wanaong'arisha meno nyumbani hazikuona kwamba wanywaji wa chai na kahawa walipata matokeo mabaya kwa kiasi kikubwa kuliko waliojizuia. Kikombe kimoja hakiharibu matibabu. Kinachoyaharibu ni mazoea ya kila siku, na kuhusu hayo karatasi ile haikuwa na hata mstari mmoja.

Siku ya tatu nilirudi kijiweni. Muuza kahawa alimimina kutoka kwenye dele, na kwa mara ya kwanza nilikitazama kile kikombe cheupe kwa ndani baada ya kukimaliza: kulikuwa na duara la kahawia mahali kahawa ilipoishia, na chini yake maduara mengine hafifu ya wanywaji walionitangulia, ambayo kusuuza kwa maji kulishindwa kuyatoa. Enameli hupata jambo hilohilo. Tanini, viambato vyenye ukakasi vya chai na kahawa, hung'ang'ania utando wa mate na kushika rangi juu yake, na chai ya rangi iliyokolea mara nyingi huacha doa kubwa kuliko kahawa. Maziwa hupunguza tatizo, kwa kuwa kasini, protini iliyomo ndani yake, hushikamana na tanini kabla hazijalifikia jino, kwa hiyo anayekunywa chai ya maziwa ana nafuu ambayo mimi sina. Ndimu, kinyume chake, hudanganya jicho. Ukiikamulia katika chai ya rangi, chai hufifia mbele yako na ukadhani umeifanya salama, kumbe asidi yake hulainisha enameli, na ukikimbilia mswaki mara tu baada ya kunywa unaisugua ingali laini. Ni vyema kusukutua kwa maji na kusubiri kama nusu saa. Haya yote ni maelezo ya dakika tano, na hakuna hata mmoja pale kliniki aliyeniuliza nakunywa nini, vikombe vingapi, au kwa utaratibu gani.

Mwezi wa tano baada ya matibabu, meno yalikuwa yamekolea tena hadi A3. Nilirudi kliniki kuuliza, na hapa ndipo nilipokasirika kwa haki. Bila kunikagua vya kutosha, walinishauri nirudie dawa yote kwa bei ya punguzo. Nilikataa, nikaenda kitengo cha kinywa na meno cha hospitali nyingine, ambako mtaalamu alinionyesha kwa kioo kidogo utepe wa kahawia uliokuwa umejikusanya nyuma ya meno ya chini na katika mianya ya yale ya mbele. Akaniambia hiyo ni rangi ya juu tu, haijaingia ndani. Akakwangua ugaga, akasugua kwa mashine na dawa yake, na nilipopimwa juma lililofuata nilikuwa nimerejea A2, kwa gharama ya shilingi 60,000. Rangi iliyofutwa na peroksaidi ilikuwa haijarudi kwa kiasi cha kuonekana. Nilichokiona kiooni kwa miezi ile ni kahawa iliyotuama juu ya jino, na kwa kahawa hiyo nilikuwa karibu kuuziwa tena jeli yenye nguvu, pamoja na ganzi yake, bila sababu ya kitabibu.

Kwa jambo moja lazima niwape haki yao watu wa kliniki ile ya kwanza. Siku nilipokuwa nikisubiri zamu, alikuwapo kijana aliyekulia Arumeru, mwenye meno yenye mabaka ya kahawia na meupe kama wengi waliokunywa maji ya chini ya Mlima Meru utotoni. Floridi iliyozidi katika maji yale huingia katika jino likiwa bado linajengwa, na doa lake ni sehemu ya enameli yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo mengi ya ukanda wa Bonde la Ufa hupita kiwango hicho kwa mbali. Daktari alimwambia waziwazi kwamba dawa ya kung'arisha ingeweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi, akamwelekeza kwa bingwa badala ya kuchukua fedha zake. Daktari anayeweza kusema hivyo angeweza pia kuniuliza habari za kahawa.

Kwa ufundi wa kitini naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na kwa ushauri wa baada ya matibabu nyota moja. Atakayekwenda kung'arisha meno popote pale, na anapenda chai ya rangi au kahawa, aombe apimwe rangi tena baada ya wiki mbili, na aulize bei ya kukwangua na kusugua peke yake kabla hajakubali kurudia dawa. Mimi nimeshapanga kukwangua ugaga kila baada ya miezi minne. Kijiweni bado naenda, ila sasa naomba maji ya kusukutua kabla ya kikombe cha pili, na muuza kahawa ameshazoea kuniwekea bilauri kando.