Misheni ya Bagamoyo: pa kwenda moyo ukiyumba

Wageni wengi wa Misheni Katoliki ya Bagamoyo humfuata mwongozaji, hupiga picha mnarani, na saa moja haijaisha wameshageuza. Kwa aliyeletwa na ajira iliyoyumba au ugonjwa nyumbani, saa moja haitoshi. Tenga nusu siku. Kutoka Dar es Salaam panda basi Makumbusho alfajiri. Ni kilomita 70 hivi, na foleni ya Tegeta ikikuwahi, utafika jua limeshakuwa kali na kichwa kimechoka.

Anzia ufukweni penye msalaba, unaokumbusha kufika kwa wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kisha pita njia ya miembe kwa miguu hadi makaburini, na hapo usiwe na haraka. Soma jiwe moja moja, toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa: wengi walizikwa wakiwa bado vijana. Mwaka 1869 kilikuja kipindupindu. Mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo, yakajengwa upya. Vita vya Abushiri na Wajerumani vilipozuka 1888, maelfu ya watu walikimbilia humo humo misheni. Waliosali hapa hawakungoja mambo yatulie kwanza. Soma Zaburi ya 46 palepale, kwa sauti ya chini, ndipo uingie kanisani.

Mnara ni wa kanisa la zamani, ulikolazwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miezi kadhaa kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Marehemu hakuwa Mkatoliki, na mapadre walimpokea kwa heshima zote. Kwa hiyo Mlutheri au Mwanglikana asione haya kufika. Ana sehemu yake hapa.

Kwenye mbuyu mkubwa, sogea mpaka gome likukaribie usoni. Utaona pete chache tu za mnyororo zikichungulia, nyingine mti umeshazimeza. Wapo wanaosimulia kuwa walifungwa watumwa. Masimulizi ya misheni ni kwamba ulikuwa wa kufungia punda.

Upungufu upo kwenye maelezo ya waongozaji wengi: biashara ya utumwa na Livingstone vinachukua muda wote. Watumwa waliokombolewa, ambao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa hapa, wanatajwa juu juu. Muulize mwongozaji waliishije, walioanaje, walilima nini. Hao walianza maisha bila ukoo wala shamba, na habari zao ndizo zinazomfaa zaidi mtu aliyepoteza kitu.

Kanisa kubwa, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, ni tulivu zaidi siku za kazi asubuhi. Wikendi na sikukuu makundi ya wanafunzi hujaa, kusali kimya ni shida. Funika mabega na magoti, zima simu, beba maji. Chagua jambo moja la kuliombea. Anayekuja na orodha ndefu huishia kuisoma tu, akatoka na wasiwasi aliokuja nao. Ukihitaji kuungama au kushauriwa, pita kwanza ofisi ya parokia uombe miadi. Kumvizia padre baada ya misa ya Jumapili ni kupata dakika mbili, tena mmesimama, na watu wengine wanasubiri nyuma yako.