Prazikwanteli kwa samaki wapya walio karantini: uzoefu wangu

Kwenye tangi langu la karantini kuna dawa moja tu ninayoitia bila kusubiri samaki aonyeshe dalili, nayo ni prazikwanteli. Ndiyo, ile ile inayotibu kichocho kwa binadamu. Kwa samaki huua minyoo bapa inayojishikiza kwenye ngozi na matamvua, pamoja na tegu wa tumboni. Nimeitumia kwa muda mrefu na bado naipa alama za juu, japo ina usumbufu wake.

Nimeichagua kwa sababu minyoo hii haionekani kwa macho. Ugonjwa wa madoa meupe utauona mwenyewe kwenye mapezi kama chembe za chumvi. Lakini samaki anaweza kubeba minyoo ya matamvua huku anakula vizuri, rangi zinang'aa, na muuzaji mwenyewe hana habari. Kuna samaki aina ya diskasi niliyemleta akawa amefunga kabisa kifuniko cha shavu la kushoto, anahema kwa la kulia peke yake, na mara kwa mara anajitupa ubavu kujikwaruza kwenye bomba la kichujio. Baada ya dozi ya kwanza mashavu yote mawili yakaanza kwenda pamoja, na kujikwaruza kukakoma. Wenzake hawakuonyesha dalili hata moja, ilhali wote walitoka kwenye tangi lile lile la dukani. Hao ndio hasa ninaowatilia dawa ya kinga.

Upande wa dozi, natumia miligramu 2 kwa kila lita. Pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la sentimita 50 kwa 30, lenye maji ya kina cha sentimita 27, lina takriban lita 40, basi linahitaji miligramu 80 hivi. Kijiko cha chai hakiwezi kupima kiasi hicho. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma miligramu, na ununue unga safi usiochanganywa na dawa nyingine.

Usumbufu wenyewe ni kwamba unga huu hauyeyuki vizuri. Unaelea, unashika kwenye kioo. Mimi nautia kwenye chupa ndogo yenye maji ya tangi, nafunga, natikisa mpaka mkono uchoke, ndipo namimina polepole mbele ya mkondo wa kichujio. Maji yanaweza kuingia ukungu kwa siku chache, kwa sababu bakteria huila dawa, na wakiongezeka hutumia oksijeni nyingi. Pampu ya hewa isizimwe. Mkaa wa kichujio utolewe mapema, maana hunyonya dawa.

Nimejaribu pia kuichanganya na chakula, lakini ni chungu mno. Samaki anakidaka, anatafuna, anatema, anakidaka tena, anatema tena. Kwa tegu njia hiyo ina mantiki, kwa kuwa dawa inafika moja kwa moja utumboni. Kwa kinga ya kawaida nabaki na dawa ya kwenye maji.

Wengi huruka dozi ya pili, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Minyoo ya matamvua aina ya Dactylogyrus hutaga mayai, na mayai hayo dawa haiyawezi. Yakianguliwa, kizazi kipya kinaanza upya kana kwamba hukufanya kitu. Kwenye maji ya joto mayai huanguliwa haraka, kwenye maji ya baridi hukawia. Tangi langu ni la joto, kwa hiyo narudia baada ya wiki moja hivi, nikiwa nimebadilisha sehemu kubwa ya maji kwanza. Gyrodactylus, wale wa ngozi, huzaa watoto hai, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuwamaliza.

Usitarajie itibu madoa meupe, au iue bakteria wala Camallanus, ile minyoo myekundu kama nyuzi inayochungulia kwenye tundu la haja. Kwa hiyo ya mwisho kuna dawa ya levamisoli, nayo naigusa nikishaiona minyoo hiyo tu.

Antibayotiki za kinga siziafiki kabisa. Zinazalisha bakteria sugu, na baadhi zinaua wale wa kwenye kichujio wanaoshughulikia amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Samaki aliyeingia mzima anaanza kuungua matamvua kwa maji machafu. Vilevile sikubaliani na kumwaga dawa tatu nne kwa mpigo. Dawa ya shaba inaua konokono na uduvi, na fomalini ikichanganywa na malakaiti ya kijani huwatesa kambare wadogo na samaki wengine wasio na magamba.

Ukimaliza dozi ya pili, badilisha maji, rudisha mkaa, uwaache bila dawa yoyote hadi wiki nne za karantini zitimie. Ugonjwa ambao prazikwanteli haiugusi unaweza kujitokeza katika kipindi hicho, na hapo utautibu kwa dawa yake ukiwa unaujua.