Matrigel kwenye utafiti wa tezi dume: nzuri kwa tezi, haitoshi kwa tishu inayoizunguka

Maabara nyingi zinazochunguza jinsi tishu ya jirani inavyoisukuma saratani ya tezi dume huanza na Matrigel. Jeli hii ya kuoteshea seli hutolewa kwenye uvimbe wa panya uitwao EHS. Takriban asilimia 60 ya protini zake ni laminini, 30 ni kolajeni ya aina ya 4, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni entaktini. Protini hizo ndizo zinazojenga utando mwembamba ambao seli za tezi hukalia. Tishu iliyo nje ya utando huo ni kitu kingine, na bidhaa hii isilaumiwe wala kusifiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Kwa upande wa tezi, ni bora kabisa. Seli za tezi dume za RWPE-1, ambazo hazina saratani, hujipanga ndani yake na kuwa vifuko vya mviringo vyenye uwazi katikati. Kwenye plastiki tupu hutandaa tu kama zulia.

Kuiandaa kunataka subira. Iyeyushe usiku kucha ndani ya friji, chupa ikiwa imezamishwa kwenye barafu. Ncha za pipeti na sahani za kuoteshea ziwe zimepoa kabla hujaigusa, kwa sababu huanza kuganda ikipita nyuzi joto 10 hivi. Ikiharakishwa mezani huganda vipande vipande, na hairudi kuwa laini sawasawa. Kwenye slaidi ya vyumba 8, mikrolita 40 kwa chumba zinatosha. Sambaza bila kutoa vipovu, weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, kisha mimina seli 5,000 katika chakula cha seli (kimiminika cha kuzioteshea) chenye Matrigel asilimia 2. Badilisha chakula kila siku 4. Seli zikilala bapa pembeni huku za katikati zikiwa mviringo, tatizo ni tabaka jembamba: zimeikuta plastiki. Igawe kwenye vichupa vidogo mara ya kwanza inapoyeyuka, maana kuigandisha tena na tena huiharibu.

Ugumu unaanza ukiongeza fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za tishu ya kuzunguka. Katika tezi yenye afya, tishu ya kuzunguka imejaa misuli laini. Saratani inapoendelea, misuli hiyo hupungua, nafasi yake ikachukuliwa na fibroblasti zilizoamshwa, zinazomwaga kolajeni ya aina ya 1 kwa wingi. Matrigel haikujengwa kwa kolajeni hiyo. Isitoshe, ina TGF-beta, ishara ileile inayoziamsha fibroblasti. Kwa hiyo fibroblasti za kawaida zinaweza kuamka kwa sababu ya jeli, nawe ukadhani zimeamshwa na saratani. Aina ya Matrigel iliyopunguzwa vichocheo inapunguza tatizo, hailiondoi. Hili ndilo kosa tunaloona linawapotosha watu zaidi ya yote, na dawa yake ni rahisi: kila jaribio liwe na chumba cha fibroblasti peke yake na chumba cha seli za tezi peke yake, vyote kwa jeli ya toleo moja la kiwandani. Matoleo hutofautiana, hivyo nunua ya kutosha mradi mzima.

Kwa swali la tishu ya jirani lenyewe, tunapendekeza kolajeni ya aina ya 1 ya mkia wa panya. Mtafiti Olumi na wenzake waliitumia mwaka 1999: seli za tezi dume za BPH-1, ambazo zenyewe haziotishi uvimbe, zilipandikizwa chini ya utando unaofunika figo ya panya pamoja na fibroblasti kutoka kwenye saratani, zikaota uvimbe. Zikiwekwa na fibroblasti za kawaida, hazikufanya hivyo.

Kolajeni nayo ina masharti. Huja ikiwa na asidi. Isawazishe kwa sodiamu haidroksaidi juu ya barafu hadi rangi ya chakula cha seli kilichochanganywa nayo igeuke kutoka njano kuwa waridi, na uimimine upesi. Miligramu 2 kwa mililita ni mwanzo mzuri. Fibroblasti huivuta jeli ikajikunja na kubanduka ukutani. Pima kipenyo chake kila siku, kwani mvuto huo nao ni matokeo. Siku ya kutoa seli, Matrigel huachia kwa EDTA baridi (kemikali inayonasa kalsiamu), lakini kolajeni ya aina ya 1 itahitaji kolajenesi, kimeng'enya kinachoikata.